Fremu 60 hazitaondoa kupepesa
Ndugu, umeuliza kwa nini video unazorekodi usiku dukani River Road zinapepesa, na kama kuhamia fremu 60 (picha 60 kwa sekunde) kutasaidia. Tatizo ni taa. Umeme wa Kenya ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na kila mzunguko una vilele viwili, hivyo taa nyingi (hasa zile za bei ya chini) humetameta mara 100 kwa sekunde. Gawanya 100 kwa fremu 30 au 60, haiingii sawasawa, ndiyo maana fremu hunasa viasi tofauti vya mwanga. Kwa 25 inaingia. Weka fremu 25, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Simu ikikataa 25, baki na 30 ila shata iwe 1/50 au 1/100. Fremu 60 ziwekee matatu zinazokimbia Thika Road mchana. Usiku, kwa fremu 60, kila fremu hupata mwanga kidogo, picha inajaa chenga (vidoa vidogo vidogo).