Kumsomesha mtoto nyumbani Ohio: barua ya taarifa au ombi la kibali?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi na mume wangu tulihama kutoka Mombasa na sasa tunaishi Columbus, Ohio. Tumeamua kumtoa shuleni binti yetu wa miaka 9 tumsomeshe nyumbani. Karani wa shule ameniambia nisubiri kibali cha wilaya, tena nipeleke muhtasari wa masomo pamoja na cheti changu cha sekondari, nami niliishia kidato cha pili. Je, aendelee kwenda shule hadi kibali kitoke? Na barua yenyewe niiandikeje?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba, mama. Kibali hicho hakipo, kwa hiyo usikingoje. Huenda karani anaukumbuka utaratibu wa zamani, ambao ulimtaka mzazi aonyeshe cheti cha sekondari, muhtasari wa masomo na ahadi ya saa 900 za kufundisha kwa mwaka, kisha angoje msimamizi mkuu wa shule za wilaya amruhusu mtoto asihudhurie. Utaratibu huo ulifutwa, na tangu Oktoba 2023 sheria ya Ohio inamtaka mzazi atoe taarifa tu. Kuishia kidato cha pili hakukuzuii.

Jambo la kulichunga ni muda. Msimamizi mkuu anapaswa kuipata taarifa yako ndani ya siku 5 tangu umtoe mtoto shuleni, na siku hizo zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Mtoto asipoonekana darasani na barua haijafika, shule itamwandika mtoro, na kesi ya utoro ni mzigo ambao familia ngeni haistahili kubebeshwa. Ningekushauri uitayarishe barua kwanza, ndipo umtoe; siku itakapopokelewa, mtoto ameshasamehewa kuhudhuria.

Barua haihitaji maelezo marefu wala sababu za uamuzi wenu. Andika tarehe, jina lako na anwani yako, jina la mtoto, kisha sentensi kama hii: “Natoa taarifa kwamba mwanangu atasomeshwa nyumbani, na nathibitisha kwamba atafundishwa lugha ya Kiingereza, hisabati, sayansi, historia, masuala ya serikali na maarifa ya jamii.” Itie sahihi na ubaki na nakala. Ipeleke posta kwa rejista, uombe ile kadi ya kijani ambayo mpokeaji huitia sahihi ikarudishwa kwako, kwa sababu kadi hiyo ndiyo ushahidi wako endapo ofisi itasema haikuona kitu. Msimamizi mkuu naye anatakiwa kukujibu kwa maandishi, ndani ya siku 14, kwamba ameipokea. Jibu hilo lihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Shule nayo ijulishe kwa maandishi kwamba umemtoa.

Hakikisha pia wilaya yako ni ipi, maana zipo nyumba nyingi zenye anwani ya Columbus ambazo kwa mambo ya shule zimo katika wilaya nyingine, na barua iliyokwenda kusiko haikulindi. Mkihamia wilaya nyingine, hata kama ni Reynoldsburg hapo jirani, siku 5 zinaanza upya. Msipohama, taarifa hutolewa tena kila mwaka kabla ya Agosti 30 kupita.