Kwa nini maji ya bahari yanaua mihogo na kuacha mikoko

Mkuu, umeuliza kwa nini bahari ikivuka tuta mihogo inanyauka, ilhali mikoko iliyo hatua chache mbele yake imestawi tu. Mimi nimekulia Mikindani, pwani ya Mtwara, na Msimbati ya huko huko naenda mara kwa mara.

Kwanza, mikoko si mti mmoja. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama nje kama miguu ya pweza, huizuia chumvi mlangoni: mizizi huchuja sehemu kubwa kabla maji hayajapanda. Mchu, aina nyingine ya mikoko, nao huchuja, lakini chumvi inayopenya huitolea kwenye majani. Nenda mchana wa jua kali, chuma jani la mchu, ligeuzegeuze kwenye mwanga. Utaona chembe nyeupe zinameta. Lamba, ni chumvi kabisa. Mhogo hauna ujanja huo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Udongo ukishalowa hayo, mzizi unashindwa kuvuta maji na mmea unakufa kwa kiu shambani palipolowa.

Na chumvi siyo tabu pekee. Chimbua tope la mikokoni: jeusi, linanuka yai viza, hewa hakuna. Vile vijiti vilivyojaa chini ya mchu ni mizizi iliyoota kwenda juu kutafuta pumzi. Ina vitundu vidogo mno. Maji yakijaa, hewa iliyomo hutumika na mgandamizo ndani hushuka. Yakipwa, hewa mpya inavutwa. Tafadhali, wanaotafuta kaa wasivivunje vijiti hivyo.

Sasa linaloniuma ni upandaji. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikadondoka tayari ni mche mrefu. Kwa kuwa miche hiyo ni rahisi kuokota, watu wanaichomeka popote, hata kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, na inang'oka yote. Mbele kabisa, upande wa bahari, kwa kawaida ni pa mlilana, nao ni aina ya mikoko. Mkoko hufuata penye tope na utulivu, kisha mkandaa, aina nyingine tena. Mchu huhimili mbele, na pia kule juu panapofikiwa na bamvua tu, yaani maji makuu. Tazama kwanza kilichoota chenyewe hapo kwenu.

Shamba lako fungua mifereji, uache mvua za Desemba mpaka Aprili ziioshe chumvi, ndipo urudishe mbegu ya mhogo.