Jibu: G·U na A·C kwenye APBS, kwa nini RNA yote nyekundu?

Waalaykum salaam, mdogo wangu wa Wete. Umeuliza mawili kuhusu APBS, programu inayokokotoa umeme unaoizunguka molekuli: kwa nini jozi ya besi G·U (guanini na urasili) ya tRNA yako (faili ya muundo 1EHZ) haina tofauti na jozi nyengine, molekuli nzima nyekundu; na kwa nini jozi ya A·C (adenini na sitosini) uliyoijenga inaachana kila ukiiendesha.

Nyekundu ni rangi ya chaji hasi, na hiyo ni ya fosfati, kila moja na -1 yake. Besi hazimo. Kipimo cha rangi cha ±5 kT/e (kizio cha potenshali ya umeme) kimezoeleka kwa protini. Kwa RNA kinameza kila kitu. Tengeneza ramani mbili za umeme, moja ya G·U na moja ya G-C ya kawaida, utoe moja kwa nyengine.

Kata shina la juu tu, nukleotidi 1–7 na 66–72. G4·U69 imo humo, na unaziepuka besi zilizobadilishwa ambazo PDB2PQR, programu inayozipa atomi chaji kabla ya APBS, haizijui. Futa maji na ioni zote, maana magnesiamu ikibaki itakifunika hicho hicho unachokitafuta. Kisha uzi wa pili (66–72) upe herufi ya mnyororo B. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kwenye faili nyuzi zote mbili ni A, basi programu huichukulia 66 kuwa jirani wa 7. Toa fosfati ya mwanzo ya kila uzi. Jumla ya chaji iwe -12 kamili. Ikitoka -13, 66 imehesabiwa kuwa ya katikati, rudi nyuma.

Kwenye APBS weka npbe (mlinganyo kamili wa Poisson-Boltzmann), pdie 2 na sdie 78.54 (vipimo vya dielektri vya molekuli na vya maji), chumvi 0.15 M, nusukipenyo cha ioni 2.0 Å, gridi ya 0.5 Å au ndogo zaidi. Ramani ya pili iwe ya G-C mahali pale pale, lakini usibadilishe majina ya atomi tu. Kwenye G·U urasili imesogea upande wa mfereji mkuu (shina lina mifereji miwili, mkuu na mdogo), kwa hiyo G-C ijenge upya kwa umbo la A (msokoto wa kawaida wa RNA), uilaze juu ya ile ya kwanza, gridi na kitovu vile vile. (Hifadhi faili za dx, ndizo ramani zenyewe, zikitoka tu, umeme haubishi hodi.)

Tofauti ianze kwenye ±2 kT/e. Upande wa mfereji mkuu utaona atomi N7 na O6 za guanini zimekutana na O4 ya urasili, hasi tupu, bila ile amino ya sitosini ya kuzipoza. Magnesiamu iliyovaa maji sita hutulia hapo kama kete shimoni. Upande wa mfereji mdogo, N2 ya guanini imebaki bila mwenza, chanya. Ndiyo inayoipa G3·U70 kazi ya kuitambulisha tRNA ya alanini.

Sasa A·C. N1 ya adenini na O2 ya sitosini zote ni wapokezi wa hidrojeni, lazima zisukumane. Panatakiwa protoni kwenye N1. Adenini huru ina pKa (pH ambayo nusu yake huwa na protoni) ya 3.5 hivi, lakini ndani ya jozi inaweza kupanda hadi karibu 6.5. Kwa 6.5, pH 7 inakupa asilimia 24 tu zenye protoni, pH 6 asilimia 76. Basi pH iandike pamoja na matokeo. Adenini hii yenye protoni haimo kwenye AMBER ya kawaida, seti ya chaji za atomi zilizo tayari: kokotoa chaji za RESP (chaji za atomi zinazolinganishwa na uga wa umeme wa molekuli) kwa hesabu ya kwanta ya HF/6-31G*, besi ikiwa na +1. Usiirundike +1 yote kwenye hidrojeni, kwani chaji husambaa besi nzima. Shina la nukleotidi 14 lenye jozi moja kama hii lisome -11. Likisoma -12, protoni umeichora tu.