Rakleti inaacha mistari

Swali: Ninachapa fulana hapa Kadutu, Bukavu. Rakleti yangu, ule mpira wenye mpini wa kusukumia wino kwenye wavu, inaacha mistari, na wino unatambaa nje ya herufi. Ninunue nyingine?

Jibu: Bado, ndugu. Iangalie kwenye mwanga: ukingo wa mpira usiochakaa una kona kali za nyuzi 90. Kona zikiwa butu, unamwaga wino mwingi. Mistari hutoka kwenye vijipengo vya ukingo huo. Kwanza jaribu kona ya pili ya mpira. Ikiwa nayo imechakaa, bandika msasa namba 180 juu ya kioo bapa, simamisha rakleti wima, ivute kwa urefu wake bila kuyumba, malizia na 400. Tafadhali usinoe mpira uliotoka kuoshwa kwa dawa ya kuyeyusha rangi: umevimba, uache siku 1. Kuuloweka ndiko kunakouharibu zaidi. Pangusa mara kazi inapokwisha, kisha itundike.