Maswali ya Marangu: hiyo siku ya sita ilipieni

Wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kwa makundi wametuma maswali mengi kuhusu Marangu, njia pekee ya mlima huo ambayo watu hulala kwenye vibanda.

Tuko 14 kutoka ofisi moja. Tumepewa bei ya siku tano na ya siku sita. Tofauti ni pesa tu?

Swali hili linarudi kila msimu, na kila msimu watu wanachagua siku tano. Basi tupige hesabu. Vibanda vya Horombo viko mita 3,720, vya Kibo, vya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720. Kwa ratiba ya siku tano mnapanda mita 1,000 mchana, mnajinyoosha saa chache bila usingizi wa maana, halafu kwenye saa sita usiku mnaanza mita nyingine 1,175 hadi kilele cha Uhuru, 5,895. Madaktari wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Kutoka Horombo kwenda Kibo ni mara mbili ya hapo.

Siku ya sita haipunguzi mwinuko huo, ila inaupa mwili usiku wa pili Horombo. Siku hiyo mnapanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala chini. Na msidhani vijana wa jimu wana kinga. Nao huugua, hasa kwa sababu mapafu yao yanawaruhusu kukimbia kabla damu haijazoea hewa nyepesi. Mwendo wa kundi uwekwe na wa polepole kuliko wote, naye atembee mbele.

Ongezeko hilo liombeni kabla ya safari. Vibanda na tozo za hifadhi hupangwa kwa idadi ya siku. Msitegemee kuamua mkiwa Horombo.

Blanketi zipo?

Hakuna. Kuna magodoro na mito. Beba mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi 10 chini ya sifuri.

Kichwa kikianza kuuma, si nikae kimya nisirudishwe?

Hapana, na tafadhali asiwepo mtu kwenye kundi lenu anayefundisha wenzake hivyo. Maumivu madogo ya kichwa Horombo ni ya kawaida. Kiongozi akijua, atakupunguzia mwendo au atakuzuia usipande hadi yaishe. Kinachoua ni kuyaficha ukaendelea kupanda. Mtu anayeyumba kama mlevi, asiyeweza kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino kikigusa kidole, ubongo wake unavimba. Anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa povu, mapafu yake yanajaa maji. Wote wawili wanashushwa saa ileile, usiku au mvua, na hawaachwi washuke peke yao. Kutoka Kibo wanateremshwa hadi Horombo, kwa machela ya gurudumu moja ikibidi. Kusubiri kupambazuke ni kosa.

Diamox ninywe ngapi?

Dozi ya kinga dhidi ya ugonjwa wa mwinuko kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, yaani nusu ya kidonge cha 250, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Vidole vitachomachoma kama vyenye ganzi na mkojo utaongezeka. Dawa hii haichukui nafasi ya siku ya sita.

Hamkuuliza, lakini pimeni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeugua kabisa nyumbani, bandama lake linaweza kudhurika kwenye miinuko hii; azungumze na daktari kabla ya kulipa.

Maji yanaganda usiku wa kilele?

Ndiyo, na mrija wa begi la maji ndio huziba kwanza. Tumia chupa ngumu, ivalishe soksi nzito, igeuze kifuniko chini, maana barafu huanza juu. Lita tatu zianze nawe Kibo. Hapo hakuna chemchemi, maji hubebwa kutoka chini, kwa hiyo msiyatumie kuoshea buti. Betri za taa ya kichwa na simu lala nazo ndani ya mfuko.

Buti ninunue lini?

Miezi miwili kabla, ukazitembelee kila wiki. Kata kucha. Vidole huumizwa na mteremko: kutoka Horombo hadi geti ni karibu kilomita 20.

Begi langu lina kilo 19. Mpagazi si anaruhusiwa 20?

Hizo 20 ni jumla, pamoja na vitu vyake mwenyewe. Lako lisizidi kilo 15, na lipime nyumbani, maana pale getini zile nne utakazotoa atatafutiwa mtu mwingine wa kuzibeba. Ulizeni pia kampuni wapagazi wenu wanalala wapi na wanakula mara ngapi kwa siku. Mkijibiwa kwa kuzungushwa, tafuteni kampuni nyingine.

Desemba kuna mvua?

Ipo, za vuli. Funga kila nguo ndani ya begi lisilopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.