Re: Naenda kusoma Ujerumani mwezi wa 10, siku za kwanza zikoje?

Mdogo wangu, mi nilitoka Kirumba hapo Mwanza nikafika Jumamosi usiku, kesho yake nazunguka na njaa maduka yote yamefungwa, kumbe kule Jumapili hawauzi, nikashindia biskuti za kwenye ndege 😂 Panga ufike katikati ya wiki. Halafu ukishahamia chumbani nenda kaandikishe anwani yako ndani ya wiki 2, ile karatasi watakayokupa wataiulizia kila sehemu we itunze tu. Koti zito usihangaike nalo sokoni Makoroboi, nunua hukohuko. Ila giza bana! Desemba saa kumi na nusu jioni limeshaingia, utakumbuka jua la Capri Point. Bi mkubwa mpigie mapema, huku Tanzania tuko mbele saa 1, winta (msimu wa baridi kule) saa 2.