Betri ya rimoti ikifa, gari la kubonyeza kitufe linawaka?

Linawaka, mkuu, hata betri ya rimoti ikiwa imekufa kabisa. Ndani ya rimoti kuna chipu ya kuzuia wizi ambayo haitegemei betri hiyo. Inapata nguvu kutoka kwenye gari lenyewe ikisogezwa karibu. Kwa Toyota nyingi, chomoa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva, weka gia kwenye P, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe mpaka usikie mlio, kisha bonyeza. Kitabu cha gari kinaeleza hivyo hivyo. Aina nyingine zina mahali pake maalumu pa kuweka rimoti, kwa hiyo soma cha gari lako kabla hujakwama.

Kinachoweza kukukwamisha zaidi ni hiki: rimoti ikishuka na abiria injini ikiwa inawaka, gari hulia kukuonya lakini halizimiki, unaendelea na safari. Ukizima huko mbele, hutaliwasha tena hadi rimoti irudi.